Mtumba Usiofunguliwa: Njia ya Misafara, Mkalimani wa Kompyuta na Neno "Uvivu"

Katika historia ya nchi hii, neno "uvivu" limefanya kazi kubwa kuliko wengi wa watu walioitwa wavivu. Utawala wa Kijerumani ulipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, ulijitetea kwamba kodi hiyo ingemfundisha Mwafrika kufanya kazi. Waingereza walioichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawakulitupa neno hilo. Nasi tulipojitawala tulilirithi pamoja na majengo ya bomani: mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na watu wakakamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kurudishwa vijijini kwa kuhesabiwa kuwa wazururaji.

Miongoni mwa waliofundishwa "kufanya kazi" kwa njia ya kodi walikuwamo Wanyamwezi wa Tabora. Hawa ni watu ambao kwa vizazi kadhaa kabla ya Mjerumani walikuwa wakibeba mzigo wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi miwili hadi mitatu, wakipatana ujira wao wenyewe. Historia ina kejeli zake.

Ipo, hata hivyo, taaluma moja ambamo neno "uvivu" ni sifa. Katika sayansi ya kompyuta kuna lugha za programu zinazoitwa lugha vivu za funksheni. Mkalimani wa lugha hizo, yaani ile programu inayozisoma na kuzitekeleza, hafanyi hesabu yoyote mpaka jibu lake lihitajike. Katika makala haya nitaeleza jinsi mkalimani huyo anavyojengwa, nikitumia njia ya misafara ya Tabora kuwa kielelezo. Wapagazi na matajiri wa karne ya 19 hawakuijua kompyuta, lakini walipambana na swali lilelile: kazi ipi ifanywe sasa, na ipi ifungwe na kubebwa mpaka wakati wake? Hoja yangu ni kwamba kuahirisha kazi si uvivu, ila kuna masharti, na dola yetu mara nyingi huahirisha bila kuyatimiza.

Mkalimani na mfasiri

Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Mtu waliyemtegemea sana katika kuelewana na watu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, kisha akapata uhuru wake na kurudi Afrika Mashariki. Speke alizungumza naye Kihindustani; Bombay aliyageuza maneno hayo kuwa Kiswahili. Walipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862 katika safari iliyofuata, maneno yalipita tena kwa mkalimani mwingine ili yawe Kiganda.

Kazi ya Bombay ilitofautiana na ile aliyokuja kuifanya Askofu Edward Steere kule Unguja. Mfasiri wa vitabu humaliza kitabu kizima kabla msomaji hajakifungua. Mkalimani hupokea sentensi, huielewa, huitenda papo hapo, kisha hungoja inayofuata. Kwenye kompyuta mna watumishi wa aina hizo mbili. Mmoja huigeuza programu nzima kuwa lugha ya mashine kabla haijaanza kufanya kazi. Mwingine, ambaye ndiye mkalimani, huisoma na kuitekeleza hatua kwa hatua.

Mkalimani wa kompyuta huanza kwa kuyachambua maandishi na kuyapanga kuwa mti. Ukiandika 2 + 3 × 4, alama ya kujumlisha inakuwa shina. Tawi moja ni 2, na tawi la pili ni kuzidisha, lenye majani 3 na 4. Kisha mkalimani huutembea mti huo mpaka apate 14. Steve Russell aliandika mkalimani wa kwanza wa lugha ya Lisp kwa kuifuata karatasi ya John McCarthy iliyochapishwa mwaka 1960, na kimsingi wakalimani wengi waliofuata wanafanana naye. Kazi inaonekana nyepesi, hadi utakapouliza: tawi lipi lishughulikiwe kwanza, na lipi liachwe?

Pupa ya pwani

Kuna jibu linalomjia kila mtu haraka: fanya yote mapema. Funksheni ikipewa viingizo vitatu, vikokotolewe vyote vitatu kwanza, ndipo funksheni ianze. Huu ndio ukokotoaji wa pupa, na ndio utaratibu wa lugha nyingi zinazotumika leo.

Mwenye msafara aliujua ubaya wa pupa. Akiwa bado Unguja au Bagamoyo ilimpasa kuchagua merikani ngapi, kaniki ngapi, ushanga wa rangi gani na masango kiasi gani, kwa ajili ya hongo na posho katika nchi ambazo angezifikia baada ya miezi. Ushanga uliopendwa mahali pamoja ulikataliwa mahali pengine, na uliotakiwa mwaka huu ungeweza kudharauliwa mwaka ujao. Aliyechagua vibaya aliwalipa watu kubeba kilo kwa kilo za kitu ambacho hakuna aliyekitaka.

Mfano mchungu zaidi ni wa David Livingstone. Alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na hoi, alikuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mitumba ilikuwa imefunguliwa na kutumika kabla mwenyewe hajafika kuihitaji.

Kwenye programu hasara ya pupa ni ya namna hiyohiyo. Chukua funksheni iitwayo chagua, yenye viingizo vitatu: sharti, jibu la kwanza na jibu la pili. Sharti likiwa kweli hutoa la kwanza. Likiwa si kweli hutoa la pili. Sasa tuseme sharti ni "watu ni sifuri", jibu la kwanza ni 0, na jibu la pili ni "posho gawanya kwa watu". Mkalimani wa pupa atajaribu kugawanya kwa sifuri na kuanguka, ingawa jibu hilo halikuhitajika. Mkalimani mvivu atalitazama sharti, atatoa 0, na ule mgawanyo hautaguswa kamwe.

Je, kuchelewesha hakubadili jibu? Mwaka 1936 Alonzo Church na J. Barkley Rosser walithibitisha, katika mfumo wa hesabu uitwao kalkulasi ya lambda, kwamba njia mbili tofauti za kukokotoa zikifika mwisho zitafika kwenye jibu moja. Lugha za funksheni zimejengwa juu ya msingi huo. Lakini liko sharti: funksheni iwe safi, itoe jibu tu bila kugusa kitu kingine pembeni. Kama kuufungua mtumba kunabadilisha pia mambo ya nje, basi saa ya kuufungua ina uzito, na uvivu unaweza kuleta madhara.

Namna mtumba unavyofungwa

Leo mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo. Kwenye njia ya misafara mtumba ulikuwa robota la bidhaa lililofungwa kwa ajili ya mpagazi mmoja. Nitalitumia neno hilo kwa maana yake ya zamani, kwa sababu ndicho kitu hasa ambacho mkalimani mvivu hukitengeneza. Kila anapokutana na kiingizo cha funksheni hakikokotoi. Hukifunga kama mtumba na kukipitisha.

Ndani ya mtumba huo mna vitu viwili. Cha kwanza ni usemi wenyewe, kwa mfano "pembe × bei". Cha pili ni mazingira: daftari linaloonyesha kila jina lililomo katika usemi lilikuwa na maana gani pale mtumba ulipofungwa. Wengi huona daftari hili ni jambo dogo, sivyo. Bei ya pembe Unguja haikuwa bei ya pembe Ujiji. Mtumba uliofungwa Unguja wenye neno "bei", ukifunguliwa Ujiji na mtu anayesoma "bei" kwa maana ya Ujiji, utatoa jibu la uongo, tena bila dalili yoyote ya kosa. Lisp ya mwanzo ilikuwa na dosari ya aina hii. Peter Landin alionyesha mwaka 1964 jinsi ya kuufunga usemi pamoja na mazingira yake ili maana isipotee njiani.

Mtumba hufunguliwa lini? Pale tu penye haja isiyoepukika: jibu linapotakiwa kuonyeshwa kwa mtumiaji, namba mbili zinapotakiwa kujumlishwa, au sharti linapotakiwa kujulikana ili njia moja ichaguliwe. Na hata hapo mkalimani hafungui zaidi ya haja. Akiulizwa kama orodha ni tupu, atalegeza kamba ya juu na kuchungulia. Vilivyomo ndani vitabaki vimefungwa.

Hapa ndipo panapopatikana jambo linalowashangaza wanafunzi. Unaweza kuandika orodha ya namba zote kuanzia 1, isiyo na mwisho, na kompyuta isizimie. Mtumba wa kwanza una namba 1 na mtumba mwingine ulioandikwa "namba zote kuanzia 2". Ukiomba namba tano za mwanzo, itafunguliwa mitano na safari itaishia hapo. Mwaka 1976 Daniel Friedman na David Wise nchini Marekani walieleza utaratibu huu wa kujenga orodha bila kukokotoa sehemu zake, na mwaka huohuo Peter Henderson na James Morris walichapisha kazi yao juu ya mkokotoaji mvivu.

Kufungua mara moja

Mpaka hapa tumepata kuahirisha. Bado hatujapata busara ya kuahirisha. Tuwe na funksheni mraba, inayochukua x na kutoa x × x. Tukiipa "3 + 4", mtumba mmoja utatajwa mara mbili. Lugha ya Algol 60 iliruhusu viingizo vipitishwe bila kukokotolewa, lakini kila kilipotajwa kilikokotolewa upya. Hivyo 3 + 4 ingefanywa mara mbili. Kwa hesabu ndogo hilo si kitu. Kwa kazi ya saa nzima inayotajwa mara elfu ni maangamizi.

Tiba ilipatikana katika tasnifu ya Christopher Wadsworth huko Oxford mwaka 1971. Alipendekeza kwamba sehemu zote zinazoutaja usemi mmoja zielekee kwenye kitu kimoja, na kitu hicho kikishakokotolewa mara ya kwanza, jibu lake liandikwe palepale kilipokuwa. Atakayekuja baadaye hatakuta mtumba; atakuta jibu. Kwa mwandishi wa mkalimani hii ni mistari michache tu ya programu: baada ya kufungua, futa usemi na mazingira, weka jibu. Mistari hiyo michache ndiyo inayotenganisha uvivu wenye akili na uzembe.

Njia ya Tabora ilikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, nayo ilikaa vichwani mwa watu. Sidi Mubarak Bombay alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant kuanzia 1860 hadi 1863, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron kuanzia 1873. Kila msafara mpya ulirithi majibu ya ule uliotangulia: mahali penye maji, tabia za njia, namna ya kuzungumza na watemi. Wasafiri waliandika vitabu vinavyojaza rafu. Bombay alipata medali ya fedha ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Hata hivyo, bila kumbukumbu yake kila msafara ungelazimika kuitafuta njia upya.

Linganisha na mwananchi wa leo anayepeleka nakala ya cheti kilekile katika ofisi ya tatu ya serikali ileile, na kuulizwa jina la baba yake kana kwamba dola inakutana naye kwa mara ya kwanza. Linganisha na tume zinazoundwa kuchunguza jambo lililokwisha kuchunguzwa, wakati ripoti ya kwanza imelala kabatini. Huo ni utaratibu wa Algol 60: kila jina likitajwa, kazi inaanza upya. Mwandishi wa programu aliyeona hasara hiyo aliiondoa. Sisi tunaitengea bajeti.

Baada ya Wadsworth, wazo lilikua haraka. David Turner aliifanya lugha yake ya SASL kuwa vivu mwaka 1976, na mwaka 1985 akatoa Miranda. Lugha za aina hii zilipokuwa nyingi mno, watafiti walikutana Portland, Oregon, mwaka 1987 na kukubaliana kuunda moja ya pamoja. Ripoti ya kwanza ya lugha hiyo, Haskell, ilitoka mwaka 1990. Wakalimani Gofer na Hugs wa Mark Jones, wa mwaka 1991 na 1995, waliwasaidia wanafunzi wengi kujifunza lugha hizo kwa vitendo.

Madeni na mizunguko

Ningekuwa mwongo kama ningeishia kwenye sifa. Uvivu una ugonjwa wake, na Tabora iliujua.

Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, waliwakopesha wenye misafara bidhaa kwa ahadi ya pembe zitakazokuja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao karibu na Tabora na alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira, alikopa kwa tajiri huyo. Safari yake ya tatu ilianza mnamo 1870, naye hakurudi Unguja hadi 1882. Ahadi moja ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kufunguliwa. Katikati ya miaka hiyo Mirambo aliifunga njia kwa vita vilivyoanza 1871, na mitumba ikakwama Unyanyembe. Wakati huo wote gharama haikulala. Waliilipa waliotekwa na kuuzwa, waliochomewa vijiji, na waliokufa njiani chini ya mizigo. Ahadi ikikaa muda mrefu, wanaoibeba mara nyingi si wale walioitoa.

Mkalimani mvivu huugua ugonjwa huohuo. Mwambie ahesabu watu milioni moja kwa kuongeza 1 kila mara, na kama hakuna anayeuliza jumla ni ngapi, hataongeza chochote. Ataweka mtumba "jumla iliyotangulia + 1", na juu yake mwingine, na mwingine, mpaka kumbukumbu ya kompyuta ijae mitumba milioni moja inayosubiriana. Kisha mtu mmoja atauliza jumla, na mlima wote utamwangukia. Ndiyo maana Haskell inampa mwandishi uwezo wa kuamuru kwamba jambo fulani likokotolewe sasa, na ndiyo maana watafiti, Alan Mycroft akiwa miongoni mwa wa kwanza mnamo 1980, walitafuta njia za kutambua mapema viingizo ambavyo lazima vitahitajika. Kilicho hakika kuwa kitahitajika hakina sababu ya kuahirishwa.

Ugonjwa wa pili ni mzunguko. Mtumba mmoja unaweza kuhitaji, ili ufunguke, jibu la mtumba huohuo. Ofisi ya kwanza inataka barua ya ofisi ya pili. Ofisi ya pili inataka barua ya ofisi ya kwanza. Mkalimani aliyeandikwa vizuri ana dawa: anapoanza kuufungua mtumba huupiga alama kwamba uko katika kufunguliwa. Akikutana nao tena wenye alama hiyo, husimama na kutangaza kwamba hapa pana mzunguko usio na jibu. Hamzungushi mtumiaji hadi achoke. Ningependa kuiona alama hiyo kwenye majalada yetu.

Linalotuhusu

Kwa wanafunzi wa kompyuta: mkalimani wa lugha ndogo ya aina hii unaweza kuandikwa kwa mistari mia chache. Mwandikeni. Anzeni na mti, kisha mitumba yenye mazingira, kisha kuandika jibu mahali pake, kisha alama ya mzunguko. Mtafahamu zaidi kwa kumjenga kuliko kwa kukariri istilahi zake.

Kwa watumishi wa umma na wanaharakati, mkalimani huyu anatuachia maswali manne ya kuuliza kila ahadi ya serikali iliyoahirishwa. Je, imefungwa pamoja na mazingira yake: nani aliahidi, kwa nani, kwa fedha gani, na maneno yake yalimaanisha nini siku ile? Je, inajulikana ni haja gani itakayoifungua, au inangoja tu? Ikishatekelezwa, jibu litaandikwa wapi ili asiulizwe tena yule aliyekwisha kujibu? Na wakati inangoja, ni nani anayeibeba?

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekaa kijijini majira ya kilimo na kungoja kiangazi ndipo ashike njia ya pwani alikuwa akiahirisha kazi moja kwa sababu nyingine ilihitajika kwanza. Mkulima wa Sikonge au Urambo anayesita kuwekeza mpaka bei ya tumbaku ijulikane anaweza kuwa anafanya hesabu hiyohiyo. Kabla ofisa hajaandika katika taarifa yake kwamba wananchi wa mahali fulani ni wavivu, afungue kwanza mitumba iliyoko juu ya meza yake, aone mingapi haina mazingira, mingapi imefunguliwa mara tano bila jibu kuandikwa, na mingapi inazunguka. Baada ya hapo tutaweza kuzungumza juu ya uvivu tukiwa na hesabu kamili.